Bosi Ledi wa Insta, Njoo Kariakoo Saa Kumi na Moja Alfajiri

Kila ikifika Machi 8, mji huu unageuka zambarau. Kumbi zinajaa, sare zinashonwa, zulia jekundu linatandikwa, na mastaa wa kike wanapokezana kipaza sauti kuwafundisha wanawake wenzao namna ya kutusua. Kwenye shughuli moja ya aina hiyo alipanda staa mmoja, jina kapuni. Ukiambiwa ana wafuasi kibao Insta, ana vipodozi vyenye jina lake na ana ndinga inayopigwa picha upya kila wiki, utamjua mwenyewe. Ujumbe wake ulikuwa mfupi: wanawake wa mjini hawana hela kwa sababu wanapenda kulalamika. Wakiacha umbea na kuamka mapema, hela ipo. Ukumbi mzima ukalipuka kwa vigelegele.

Kuamka mapema. Haya, na ianzie hapo hapo.

Saa kumi na moja alfajiri, wakati bosi ledi yuko usingizi wa pili na kiyoyozi kinavuma, kuna wanawake tayari wameshashuka kwenye daladala za Mbagala na Gongo la Mboto. Mmoja anakwenda Feri kusubiri mnada wa samaki aje akaange. Mwingine yuko Mtaa wa Tandamti, anapuliza mkaa, maharage yako jikoni tangu usiku na unga wa chapati umeshakandwa. Wa tatu anapanga madera kwenye turubai pale Mtaa wa Kongo kabla jua halijawa kali na kabla mgambo hawajapita. Hao ndio wanaoambiwa waache uvivu. Kama kuamka mapema kungekuwa ndiyo siri ya utajiri, mama lishe wa Kariakoo angekuwa anamiliki Mbezi Beach nzima.

Tatizo la bosi ledi si kwamba amefanikiwa. Mwanamke akifanikiwa mji huu, apigiwe makofi, maana wanaomuombea mabaya ni wengi. Kariakoo yenyewe imejaa wanawake waliotoboa kweli: wanaopanda ndege kwenda Guangzhou na Dubai, wanaochangia kontena, wanaojua bei ya jora kuliko mwenye kiwanda. Tatizo ni lile somo analouza. Anachukua ukuta uliojengwa kwa sheria, kwa riba na kwa mila, halafu anamwambia mwanamke aliyesimama mbele yake kwamba ukuta haupo, ila yeye hajaruka vya kutosha.

MTAJI

Mama lishe akikosa mtaji anakwenda wapi? Benki wanataka dhamana. Dhamana ni nyumba, na nyumba nyingi mjini hapa hati yake ina jina la baba, la kaka, au la marehemu ambaye ndugu zake bado wanagombana. Mwanamke kapika, kafua, kalea, katoa hela ya tofali kwenye mchezo wa mtaani, lakini kwenye karatasi hayupo. Na ieleweke kwamba sheria si kwamba imelala moja kwa moja. Sheria ya Ndoa ya 1971 inaruhusu mahakama kugawa mali iliyochumwa pamoja, na mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, kwenye kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, ilisema wazi kwamba kazi za nyumbani nazo ni mchango. Hiyo ni zaidi ya miaka 40 iliyopita. Lakini mchango huo unaonekana mpaka ndoa ivunjike na watu wafike mbele ya hakimu. Ndoa ikiwa hai na mwanamke anataka mkopo wa kuongeza sufuria, afisa wa benki haangalii nani alifua. Anaangalia jina lililo kwenye hati.

Kwa hiyo mama anaangukia kausha damu. Jina lenyewe limejieleza. Chukua hesabu ya kawaida tu: anakopa 200,000, anatakiwa kurejesha 10,000 kila siku kwa siku 26. Ukijumlisha ni 260,000. Yaani kwa muda usiofika hata mwezi, amelipa asilimia 30 juu ya alichokopa. Kiwango cha juu kilichowekwa na Benki Kuu kwa wakopeshaji wadogo ni asilimia 3.5 kwa mwezi. Mwenye duka kubwa la jumla pale Aggrey, mwenye hati na mahesabu yaliyokaguliwa, anakopa kwa riba nafuu kuliko anayeuza wali maharage. Masikini ndiye anayelipia hela bei ghali.

Na anayekuja kudai wala si jambazi mwenye panga. Ni kijana mwenye shati safi na begi la mgongoni, ana adabu zake zote.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Leo vipi, mama? Rejesho tunalo?"

"Pita saa nane baba, wateja hawajala."

"Sawa mama, ila jana nayo bado."

Mazungumzo ni ya heshima, lakini yakishindikana siku tatu, heshima inaisha na jiko linabebwa. Jiko, sufuria, friji, godoro. Chombo cha kuzalisha hela ya kulipa deni kinachukuliwa kwa sababu deni halijalipwa. Hapo mama aamke saa ngapi ndiyo atoke?

Sasa turufu yenyewe ni hii. Mikopo hiyo imeingia kwenye simu, na waliowapigia debe baadhi yao wanafahamika. Mwanamuziki mmoja wa kike, naye jina kapuni, alitabasamu kwenye tangazo la programu ya mikopo: hela ndani ya dakika chache, bila dhamana, bila maswali. Hakusema kwamba ukichelewa, meseji za kukudhalilisha zinatumwa kwa kila jina lililomo kwenye simu yako, kuanzia mkweo mpaka mchungaji. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni na kuwaonya wananchi wasizitumie. Wanaopokea hela za matangazo ya namna hiyo hufuta video kimya kimya na kuendelea na maisha. Waliokopa hawawezi kufuta kitu.

Kuna njia nyingine ambayo bosi ledi hajawahi kuitaja jukwaani, labda kwa sababu haina kamisheni. Kila halmashauri nchini inatakiwa kwa sheria kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Bila riba. Jiji la Dar es Salaam linakusanya ushuru hapo hapo Kariakoo, sehemu ya hela hiyo ikitoka kwenye jasho la hao hao akina mama. Aprili 2023 mikopo hiyo ilisimamishwa nchi nzima baada ya madudu kuibuliwa, ikiwemo vikundi hewa. Ikarudi 2024 kwa utaratibu mpya. Katikati hapo, kwa zaidi ya mwaka, mlango wa mkopo usio na riba ulikuwa umefungwa, na wa kausha damu haukufungwa hata siku moja. Aliyekula ni mtu wa kikundi hewa. Aliyelipa ni mama aliyekuwa na kikundi cha kweli.

MWILI

Ukitoka kwenye hela unaingia kwenye afya, na hapo bosi ledi ana duka.

Anauza krimu. Weupe ndani ya wiki mbili, ngozi laini, soo hakuna. Anauza na vidonge vya kuongeza shepu, na chai ya kupunguza tumbo. Anayenunua ni binti wa duka la Mtaa wa Msimbazi anayelipwa kwa siku, aliyeambiwa kwa vitendo kwamba mweupe ndiye anayewekwa mbele ya duka kuita wateja. Zebaki na haidrokwinoni ni sumu zilizopigwa marufuku kwenye vipodozi Tanzania, kwa sababu zinaharibu ngozi na zebaki inashambulia figo. Bado mikorogo inapatikana mjini kama njugu. Hakuna anayesema kila krimu ya staa ina sumu. Kinachosemwa ni kwamba mwanamke anayejiita mkombozi wa wanawake hawezi kuanza ukombozi huo kwa kumwambia binti mwenye rangi ya mama yake kwamba rangi hiyo ni kasoro, halafu ampe na bei ya kuiondoa.

Halafu kuna mambo yasiyopigwa picha. Choo, kwa mfano. Mwanamke anayeshinda Kariakoo saa kumi na mbili kwa siku anahitaji choo mara kadhaa, na siku za hedhi zaidi, na choo ni cha kulipia kila akiingia. Mwanaume akibanwa anajua vichochoro vyake. Mwanamke anajizuia kunywa maji kwenye joto la Dar ili asiende, na mkojo unaobanwa kutwa nzima mwisho wake unajulikana. Hiyo ni kodi ya kuwa mwanamke, inakusanywa kila siku na haina risiti.

Taulo za kike zenyewe ni hadithi. Bajeti ya 2018/19 iliondoa VAT, watu wakashangilia. Bajeti ya 2019/20 ikairudisha, sababu ikiwa kwamba bei madukani haikushuka. Kwa maneno mengine, wafanyabiashara walimeza nafuu, adhabu wakapewa wasichana. Mastaa wangapi wa kike walipiga kelele siku ile? Ubuyu wa nani kaachana na nani ulienda wiki nzima. Huu haukumaliza siku mbili.

Lazima isemwe pia pale palipofanyika kazi. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulionyesha vifo vya uzazi vimeshuka mpaka 104 kwa kila vizazi hai 100,000, kutoka 556 kwenye utafiti wa 2015/16. Hiyo si kiki, ni akina mama waliorudi nyumbani na watoto wao. Lakini baada ya kurudi nyumbani? Sheria ya kazi inampa mama aliyeajiriwa likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo, 100 akijifungua pacha. Baba anapewa siku 3. Tatu! Sheria yenyewe imeshaamua nani anabaki na mtoto. Na mama lishe, mfanyakazi wa saluni na muuza madera hawana hata hizo 84, kwa sababu mwajiri wao ni turubai. Mshono haujapona, yuko kwenye moshi wa mkaa, mtoto yuko chini ya meza ndani ya beseni.

Wapo watakaosema wamepewa mitungi ya gesi. Kweli, imegawiwa, na picha zipo: mheshimiwa upande huu, staa upande ule, mama katikati ameshika mtungi wa kilo 6 kama kombe la ligi. Nia ya nishati safi ni nzuri, mapafu ya akina mama yanaihitaji. Ila mtungi wa kilo 6 kwa mtu anayepikia wateja kutwa nzima hauchukui muda, na kuujaza ni zaidi ya elfu ishirini kwa mkupuo. Mkaa unanunuliwa kwa ndoo, kwa kopo, hata kwa fungu, kulingana na hela iliyopo asubuhi hiyo. Ndiyo maana mtungi mwingi wa msaada umeishia kuwa kiti cha kukalia. Asiyejua namna masikini anavyonunua hawezi kumsaidia masikini.

SAUTI

Hapo ndipo siasa inapoingia, hata kama watu wa burudani wanapenda kusema wao si wanasiasa. Wakati wa kampeni mbona skafu wanavaa?

Ukitoka Kariakoo kuelekea Posta, unaikuta Barabara ya Bibi Titi Mohamed. Vijana wengi wanaijua kama kituo cha kushukia. Huyo aliyepewa barabara hakuwa profesa. Alikuwa mtoto wa Dar es Salaam, mwimbaji kiongozi wa kikundi cha ngoma cha Bomba. Kwa lugha ya leo, alikuwa staa. Mwaka 1955 alikabidhiwa kuongoza wanawake wa TANU, na alichofanya ni kuvipitia vikundi vya ngoma na wanawake wa mitaani, wauza vitumbua na wapika pombe, akawaingiza kwenye chama kwa maelfu. Alitumia wafuasi wake wa ngoma kudai nchi. Linganisha na leo: staa ana wafuasi mamilioni kwenye simu, anawatumia kuuza chai ya tumbo.

Wengine watauliza, sasa mnataka nini tena, wakati tangu Machi 2021 nchi ina Rais mwanamke, na Bunge limeshakuwa na maspika wawili wanawake, Anna Makinda na Tulia Ackson? Swali ni halali na jibu lake ni rahisi. Kiti kimoja cha juu hakibadilishi ngazi iliyovunjika chini. Msichana wa Mchikichini akimuona mwanamke Ikulu anapata ndoto, na ndoto ni kitu kikubwa. Ila ndoto haina riba nafuu.

Angalia viti maalum. Katiba inataka wanawake wa viti hivyo wasipungue asilimia 30, na bila wao Bunge lingekuwa kama kijiwe cha kahawa. Lakini mbunge wa viti maalum hachaguliwi na mama lishe, anatokana na orodha ya chama. Hana jimbo, kwa hiyo hana mfuko wa jimbo. Na kwa Katiba hiyo hiyo, Waziri Mkuu lazima atoke kwa wabunge wa kuchaguliwa majimboni. Yaani wanawake wengi bungeni wameingizwa kwa mlango ambao tayari una ukomo. Mheshimiwa mmoja wa mlango huo, jina kapuni naye, huonekana Kariakoo mara moja kwa miaka mitano, na doti za khanga. Anaulizwa kuhusu kausha damu, anajibu kwamba analifanyia kazi. Anajua anayemrudisha bungeni hayupo Tandamti.

Na anayetaka kugombea jimbo au udi wa mtaa mwenyewe? Anahitaji hela ambayo hana, kwa sababu zilizoelezwa juu. Anahitaji usiku wa vikao, wakati nyumbani anadaiwa chakula cha jioni. Akifika kwenye vikao anaulizwa mume wake yuko wapi. Akikosa jibu, mdangaji. Akiwa na jibu, mume kamshindwa. Akishinda, kabebwa. Mwanaume hajawahi kuulizwa nani kabaki na watoto.

Mei 2023 wafanyabiashara wa Kariakoo walifunga maduka kupinga usumbufu wa kodi, na Waziri Mkuu alikuja Mnazi Mmoja kuwasikiliza ana kwa ana. Ilikuwa haki yao, na ilifanya kazi. Ila liangalie tukio lile kutoka upande wa sufuria. Mwenye duka ana mlango, akiufunga nchi inasikia. Mama lishe hana mlango wa kufunga. Akigoma, wali unalala, rejesho linaendelea, na hakuna kiongozi atakayeitisha mkutano kwa sababu maharage hayajaiva. Ndiyo maana anahitaji sauti ya wenye sauti.

Sasa bosi ledi afanye nini? Hakuna anayemtaka auze gari. Kwanza, aache kupokea hela za wakopeshaji wasio na leseni, na akishatangaza kimakosa, asimame hadharani aseme, kwa video ndefu kama ile ya tangazo. Pili, video moja tu kati ya mia aitumie kueleza mkopo wa asilimia 4 unaombwaje, kikundi kinasajiliwa wapi, na afisa maendeleo ya jamii wa kata anapatikana siku gani. Tatu, mgombea akimwita kuimba jukwaani, kabla ya kupokea bahasha amuulize mbele ya watu: orodha ya vikundi vilivyokopeshwa itabandikwa lini kwenye ubao wa kata, kwa majina na kiasi? Orodha hiyo ikibandikwa, kikundi hewa kitajulikana asubuhi hiyo hiyo, maana Kariakoo kila mtu anamjua mwenzake.

Na wale wanaomfuata wana kazi yao. Kila mtu aliyekula leo wali wa elfu mbili pale mtaani na kumwambia mama "nitakulipa kesho" ajue amekopa bila riba kutoka kwa mtu anayekopa kwa asilimia 30. Amlipe leo.

Machi 8 ijayo zulia litatandikwa tena. Bosi ledi asipate shida ya kumtafuta mgeni rasmi. Yupo Tandamti, ameamka tangu saa tisa usiku. Hawezi kuja ukumbini kwa sababu saa hiyo yule kijana mwenye begi anapitia rejesho.

Povu ruksa.